Barua kwa mwanangu: mama mkwe wako ameulizwa?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha, nikaurudia alfajiri. Unaniuliza mama mkwe wako arudishwe Dar au abaki nanyi hapo Mtwara, maana kansa ya titi imeshaingia kwenye mifupa na madaktari wa hospitali ya kansa ya Ocean Road wamesema hawana tena dawa ya kuiondoa. Shemeji zako wanataka kuuza mikorosho ya Nanyamba wampeleke India, mumeo kanyamaza, na hospitali imewapa mofini, dawa kali ya maumivu, ambayo wifi yako anasema ni dawa ya kumalizia watu.

Kabla sijakujibu, mwenyewe anasemaje? Ujumbe wote ule mrefu, wamesema shemeji, kasema wifi, kasema daktari, hata jirani katia neno. Mama mkwe wako hajasema kitu. Aulizwe mwenyewe. Najua neno hilo mmelisikia kwangu mpaka limewachosha, lakini sina jingine lililo kubwa kuliko hilo.

Habari ya kufuli nililovunja kule kwetu Mtama umeisikia kwa midomo ya watu. Ulikuwa bweni wakati ule, na mimi sijawahi kukusimulia.

Mama yako mkubwa alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi, imeshapita pale pa kutibika. Usiku hakulala. Alikuwa akipiga magoti kitandani, kichwa kwenye mto, anauma pindo la khanga ili watoto wasisikie. Nilipofua ile khanga nikakuta pindo limetoboka kwa meno. Sisi tukawa tunamwambia dada subiri, dada vumilia. Kuvumilia alikuwa anavumilia, tena kuliko sisi sote tuliomzunguka.

Akaja muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa asiyeweza kuponywa, na pikipiki, kijana mpole, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatoa chupa ya mofini ya maji, akavuta dawa kwa bomba lisilo na sindano, akamwekea mdomoni kwenye shavu. Kisha akachana karatasi ya daftari akaandika kwa herufi kubwa: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kipimo mara mbili ili alale mpaka asubuhi. Akatukazia: msingoje maumivu yarudi ndipo mumpe, dawa iyatangulie. Akatuambia kwamba Kampala daktari Anne Merriman ndiye aliyeanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba hiyo, mwaka 1993 kwa dawa hiihii, unga wa mofini uliokorogwa kwenye maji, na kwamba Uganda tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Nilimsikiliza nikajiuliza, kumbe kitu chenyewe ni cha kunywa tu, ni rahisi hivi, na dada yangu ametafuna khanga muda wote huu?

Alilala, mwanangu. Alilala mpaka watu wakaogopa, wakaanza kumsomea Yasini. Muuguzi alikuwa ameshatuonya kwamba siku za mwanzo atalala sana, kwa sababu ya dawa yenyewe na kwa sababu ana deni la usingizi. Asubuhi kafumbua macho, kawaona na misahafu, kauliza kama kuna ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Ming'oko! Mtu ambaye uji ulikuwa unamshinda. Nikamchemshia, akakataa nisimmenyee. Akawa anamenya mwenyewe kwa kucha, taratibu, anachovya kwenye chumvi, huku anauliza nani kafagia uwanja vibaya vile. Nina umri huu na sijaona asubuhi nyingine iliyonifurahisha kama ile.

Basi mjomba wako akaja. Akaiona chupa, akauliza, akaambiwa. Akaichukua akaifungia kwenye sanduku lake, ufunguo mfukoni, akaenda zake kwenye mnada wa korosho. Alisema dada yake hatakufa teja. Saa nane ikafika, dawa hakuna. Magharibi dada alikuwa ameshapiga magoti tena. Nikachukua mchi nikavunja kufuli. Sikumngoja mtu wala sikumwomba mtu ruhusa, na nikirudishwa siku ile nitavunja tena. Mjomba wako hakunisemesha mpaka arobaini ya marehemu, na kwetu unajua mjomba ni nani.

Nikitulia namtetea. Aliishi Kariakoo ujanani, akawaona vijana wa unga wakisinzia wima barabarani. Akisikia mofini anawaona wale. Tena yule muuguzi alizungumza na sisi wanawake, mwenye ukoo hakuitwa akae kwenye mkeka aelezwe kwamba anayepewa kipimo kwa ajili ya maumivu ni nadra sana kugeuka teja, na kwamba mofini ikipimwa vizuri haimharakishi mtu. Angeambiwa pengine angeelewa, maana dada yake alimpenda. Halafu hasira inarudi palepale. Aliyelala kitandani alikuwa na akili timamu na ulimi wake. Angeulizwa yeye: dada, dawa hii unaitaka?

Maumivu yalipotulia ndipo ikawezekana kuzungumza naye. Mtu anayeungua hawezi kuulizwa kitu. Muuguzi alimuuliza, Mama, ugonjwa wako unaujua, au unapenda nikueleze? Dada akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Naujua zamani. Nawasubiri hawa waache kunidanganya." Tukainamisha vichwa. Siku hiyohiyo akatoa maagizo yake: mikorosho isiuzwe, binti yake wa Newala aitwe japo wamegombana, na azikwe palepale Mtama kwa mama yetu. Binti akaja. Walizungumza mlango umefungwa, na walichosema sijakijua mpaka leo, wala si changu kukijua.

Sasa nirudi kwako. Ukinisoma hadi hapa utadhani nasema abaki nyumbani. Sijasema hivyo. Kansa iliyoingia kwenye mifupa ina mambo yake: mionzi, hata ya mara moja tu, inaweza kupunguza maumivu ya mfupa, ingawa kansa yenyewe haiondoki. Kwa hiyo safari ya Dar inaweza kuwa na maana, mradi kila mtu ajue mnaifuata nafuu. Lakini pia ni kutwa nzima barabarani na mgonjwa ambaye kila tuta linampata kwenye uti wa mgongo. Mwulizeni daktari wa hospitali ya Ligula hapo Mtwara waziwazi kama mionzi itamsaidia na kama mwili wake unaihimili safari. Na akisema miguu imeanza kuwa mizito au kufa ganzi, au mkojo umeziba, hapo msikae vikao, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, maana kansa inaweza kuwa inaubana uti wa mgongo na miguu ikishapooza ni vigumu kuirudisha.

Kuhusu India ulimi unaniwasha. Madaktari wameshasema dawa ya kuiondoa haipo, na mikorosho ile ndiyo ada ya wajukuu. Lakini wale ni watoto wake, wanahofia kesho waambiwe walimwacha mama yao afe na mali ipo. Mimi ni mkwe tu, naweza kuona mepesi yaliyo mazito kwao. Jibu langu ninalo, na nikiliandika hapa utalibeba kikaoni kana kwamba ndilo lake. Silitaji. Nimejizuia, usidhani ni rahisi.

Usiku msimwache peke yake. Akikataa chakula msimlazimishe; mwili ukifikia huko hauna kazi nacho, na kulishwa kwa nguvu kunampalia. Mloweshe midomo kwa kitambaa, mgeuzeni mara kwa mara asitoke vidonda. Na wewe ulale, wifi yako ashike zamu badala ya kushika maneno.

Kikao kikae Jumamosi baada ya dozi ya saa nne kumtuliza, kifanyike chumbani kwake, na mumeo ndiye aulize. Kisha nipigie. Na kabla ya hapo rudi hospitali ukaombe dawa ya kulainisha choo, mofini haiendi bila hiyo. Kama hawakuwapa, walisahau.

Mama yako