Daftari la shukrani likikushinda

Dada, umeuliza ufanyeje maana daftari la shukrani, lile la kuandika kila usiku mambo unayoshukuru, limekushinda wiki ya pili. Hata mimi lilinishinda. Si lazima uandike kila usiku. Wanasaikolojia Emmons na McCullough, kwenye utafiti wao wa 2003 kuhusu shukrani, kundi moja liliandika mara moja tu kwa wiki, mambo yasiyozidi matano.

Mimi huku Newala, Mtwara, shukrani nimezipachika kwenye kazi. Msimu wa korosho, asubuhi chini ya mkorosho, kabla sijanyofoa korosho ya kwanza kwenye bibo (tunda lake) nataja jambo moja la jana. Liwe dogo na mahususi, siyo "nashukuru kwa uzima" basi. Leo nimetaja ndoo: jirani aliiazima, akairudisha imejaa maji (na huku Newala maji ni ya shida). Nikapita kwake kumwambia asante, akabaki anacheka.