Draivu ya tezi inayovuja na kunguruma: tafuta maji kabla ya kununua beringi

Kwenye draivu ya tezi (tezi ni upande wa nyuma wa boti), injini iko ndani na draivu, yaani kipande chenye gia na propela, iko nje; shafti inayoziunganisha lazima ipite kwenye tundu la ukuta wa tezi, chini ya usawa wa maji. Kinachozuia maji yasiingie hapo ni mpira mmoja wa mikunjo uliofungwa kwa klempu pande mbili. Ndani ya mpira huo ndimo zilimo krosi za shafti, yaani viungo vinavyoiruhusu kupinda, na kwenye mdomo wake wa ndani ndipo inapokaa beringi ya gimbali, inayoshikilia shafti hiyo (gimbali ni fremu inayoiruhusu draivu kugeuka). Kwa hiyo maji na kelele mara nyingi ni ugonjwa mmoja. Beringi hii ni nadra kufa kwa uzee: huuawa na maji, au na injini iliyokaa upande. Ukibadilisha beringi bila kujua kilichoiua, mpya nayo itakwenda njia hiyo hiyo.

Anza na maji. Boti ikiwa juu ya trela, toa maji yote kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ikaushe kwa kitambaa, kisha tandaza karatasi kavu chini ya injini na kando ya ukuta wa tezi. Funga vikombe vya mpira vya kulishia maji kwenye matundu ya draivu, fungua bomba, washa injini dakika 10. Karatasi ikilowa, kosa liko kwenye njia ya maji ya kupoozea: hosi, pampu, gasketi, au mahali hosi inapopenya ukuta. Mpira wa mikunjo hauhusiki sana hapo, maana draivu haijazama. Karatasi ikibaki kavu, lakini boti ikiwa majini ngama inajaa hata injini ikiwa imezimwa, basi maji yanapenya kutoka nje, na mshukiwa wa kwanza ni mpira wa mikunjo wa krosi.

Usisahau mpira mdogo unaofunika kebo ya gia. Ni mwembamba, umejificha, na unaweza kuzamisha boti sawasawa na ule mkubwa. Mpira wa kupitishia moshi wa injini ni habari nyingine: ukichanika, moshi na maji hutokea nje tu na kelele huongezeka, ngama haijai. Wengi huona ule mkubwa wa moshi umepasuka, wanabadilisha huo, na boti inaendelea kuvuja. Tazama pia juu, mkono wa usukani unapoingia ndani: ukiona kutu au chumvi nyeupe ikiteremka kutoka hapo, sili ya shafti ya usukani imechoka. Hilo huvuja zaidi boti ikiwa imelemewa nyuma.

Sasa kelele. Kwenye aina nyingi, shafti huzunguka muda wote injini inapowaka, hata gia ikiwa huru. Washa injini kwa mwendo wa chini, maji ya kupoozea yakiwa yamefunguliwa, kisha zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mngurumo mzito unaobadilika na kona ni beringi ya gimbali. Mlio wa tik-tik au kugonga unaotokea draivu ikiwa imekata kona kali ni krosi. Injini ikipandisha kasi bila boti kusogea, pamoja na harufu ya mpira ulioungua, tazama kapla, yaani kiungo chenye mpira kinachoshika shafti nyuma ya injini. Usijaribu kuipima kelele huku draivu imeinuliwa juu. Krosi hulalamika hata zikiwa nzima.

Baada ya hapo hakuna njia ila kuvua draivu. Kati ya draivu za kampuni ya MerCruiser, aina ya Alpha huvuliwa ikiwa kwenye gia ya mbele, Bravo ikiwa huru, na zote hushikwa na nati 6. Weka kitoroli au kamba ya kuninginizia kwanza, maana ni nzito na hutoka ghafla. Draivu ikitoka, soma kilichomo ndani ya mpira kabla hujakifuta. Maji au kutu nyekundu maana yake maji yameingia. Oili ya gia maana yake sili ya shafti ya juu ya draivu imetoboka, na hilo halihusiani kabisa na mpira. Grisi iliyotapakaa tu ni kawaida kiasi.

Ingiza kidole kwenye beringi na uizungushe. Ikikwaruza, ikigoma au ikiwa na uhuru wa kupanda na kushuka, imekwisha. Itoe kwa pula yenye nyundo ya kuteleza. Kuipiga kwa patasi huharibu nyumba ya alumini, na nyumba ikishachakaa hakuna beringi itakayokaa. Mpya ina pete ya chuma iliyo na mwanya: mwanya huo uelekee tundu la grisi la beringi, na tundu hilo lilingane na nipeli ya kupigia grisi. Ukikosea, utapiga grisi mpaka uchoke na haitaingia. Beringi zilizofungwa moja kwa moja hazihitaji grisi kabisa.

Kisha pima mlingano wa injini na beringi, hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Fimbo ya kupimia hupita kwenye beringi hadi meno ya kapla. Beringi inaweza kuinama ndani ya nyumba yake, basi igongegonge fimbo kidogo pande zote kwanza ili beringi ijipange. Baada ya hapo fimbo iingie na kutoka kwa kusukuma kwa vidole viwili. Ikikaza, inua au shusha mguu wa mbele wa injini kwa nati zake, robo mzunguko kwa robo, kisha pima tena. Rudia kipimo hiki kila mwaka, kwa sababu mipira ya miguu ya injini hukaa na kushuka.

Mpira mpya ukivuja, kosa mara nyingi si ubora wake bali uso unaokalia. Kwangua gundi ya zamani, ondoa vishimo vya kutu ya alumini, paka gundi ya mipira na uiache ikauke mpaka isinate kwenye kidole, kama dakika 10. Usiweke grisi wala sabuni kwenye mdomo wake. Ukishafunga klempu, inua na ushushe draivu kamili mara kadhaa, huku mtu akitazama: mpira ukiruka kwenye kiti chake, utaruka hapa badala ya baharini.

Wakati wa kurudisha draivu, weka gasketi na pete mpya za mpira, paka grisi meno na pete za shafti, na kaza nati 6 za MerCruiser kwa Nm 68. Boti isilazwe draivu ikiwa imeinuliwa, kwa kuwa mikunjo hukauka ikiwa imebanwa na kupasuka hapo hapo. Siku ya kuishusha majini, acha kamba za trela zimefungwa, fungua kifuniko cha injini na umulike chini ya gimbali kabla ya kuondoka, kisha tena baada ya dakika 15, na mara nyingine baada ya kukata kona chache.