Ukigeuza nafasi za jinsia, maswali yaache yalivyo

Hadithi za kugeuza nafasi huwa naanza kuziandika kutoka chumba cha mahojiano. Kabla sijajua mhusika anaitwa nani, naorodhesha maswali anayoulizwa mwanamke aliyebakwa. Ulivaa nini? Saa zile ulifuata nini kule? Mbona hukupiga kelele? Kisha kiti cha mlalamikaji nampa mwanamume, cha askari nampa mwanamke. Maswali siyagusi. Ukiyatia chumvi kidogo tu, msomaji atasema hakuna anayeongea hivyo, na hapo amekuponyoka.

Tazama Majorité opprimée, filamu fupi ya Éléonore Pourriat wa Ufaransa, ya mwaka 2010. Pierre anashambuliwa na kundi la wanawake. Askari wa kike anapokea malalamiko yake kwa shaka, na baadaye mke wake mwenyewe anamlaumu kwa mavazi. Huyo mke ndiye ninayemrudia kila ninapokwama. Lawama ya askari mtu huitarajia. Ya anayekupenda inakukuta huna kinga.

Igeuze dunia nzima pia. Mwanamume mmoja kuonewa na mwanamke mmoja katika dunia hii hii ni hadithi nyingine kabisa (na ina haki yake). Amua nani bosi, nani anaonywa asitoke usiku, utani wa barabarani unamlenga nani. Rokeya Sakhawat Hossain, mwandishi wa Bengal, alishafanya hivyo mwaka 1905 katika hadithi yake Sultana's Dream: kwenye nchi aliyoibuni, wanaume ndio wanaotawishwa, na mwenyeji wa nchi hiyo anashangaa kwamba kwingine hufungiwa wasio na hatia huku wenye madhara wakiachwa huru. Hoja ya zaidi ya karne, na bado tunamwambia binti awahi kurudi nyumbani.

Jambo linalonipa shida kuliko yote ni kicheko. Mwanamume kudhalilishwa na wanawake kuna watu watakaoona ni kichekesho tu, ilhali wanaume hubakwa kweli, na mmoja wao anaweza kuwa anakusoma. Kwa hiyo tukio lenyewe naliandika kwa ufupi, bila mzaha wowote, na mara nyingi naliacha nje ya ukurasa. Rasimu nawasomea watu kwa sauti, wake kwa waume, huku nikisikiliza wanacheka wapi. Wakimcheka askari na maswali yake, naendelea. Wakimcheka aliyeumizwa, nafuta ukurasa huo.