Nilipata sukari mimba ya pili, sasa mwanangu ananenepa. Ni kosa langu?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nina watoto wawili, wote wa kiume. Wa kwanza alizaliwa kilo 3.1, mpaka leo mwembamba tu. Mimba ya pili, wiki ya 27, kliniki wakanikuta na sukari, nikapewa masharti ya chakula ila nilikuwa naibia chai ya sukari na maandazi, mtoto akatoka kwa opresheni na kilo 4.4. Baada ya kujifungua sukari ikashuka yenyewe. Sasa huyu wa pili ana miaka 6 anavaa nguo za kaka yake wa miaka 9. Mama mkwe anasema ndo afya, mume wangu anasema namlisha sana, jirani kaniambia ni ile sukari. Nimeshindwa kulala kwa mawazo, na nina mimba nyingine ya miezi miwili. Mama wa Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Jirani yako hajakosea, ila hiyo sukari inachangia tu, haiamui yote, na kosa naomba uliweke pembeni kabisa maana kisukari cha mimba kinaletwa na homoni za kondo la nyuma zinazoizuia insulini yako, ile inayoshusha sukari kwenye damu, isifanye kazi vizuri, hukujipa mwenyewe.

Iko hivi, sukari ya mama inapita kwenye kondo inamfikia mtoto lakini insulini ya mama haipiti, kwa hiyo kongosho la mtoto linalazimika kutoa insulini yake nyingi, na insulini kwa mtoto aliye tumboni ndo inamkuza na kumjaza mafuta. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alilieleza hili tangu miaka ya 1950.

Alafu kuna utafiti wa mwaka 2000 unafanana na nyumba yako. Ulifanyika kwa Wapima, wenyeji asilia wa Arizona kule Marekani ambao kisukari kimewaandama sana, wakalinganisha ndugu wa mama mmoja, aliyezaliwa kabla mama hajapata kisukari na aliyezaliwa baada. Aliyezaliwa baada ndo aliyekuwa mzito zaidi, na kisukari kilimpata zaidi. Kwa baba mwenye kisukari tofauti hiyo haikuonekana, yaani si damu ya ukoo peke yake, tumbo nalo lina mchango wake. Wale mama walikuwa na kisukari cha kudumu, chako kilikuwa cha mimba, lakini njia ya sukari kumfikia mtoto ni ileile.

Sasa huyo wa miaka 6 usimnyime chakula, bado anakua, tunachotaka urefu uendelee na uzito usikimbie. Toa soda na juisi za paketi kwa nyumba nzima, siyo kwake tu, maana ukimtenga yeye mezani huku ndugu yake anakunywa na yeye anaangalia utamuumiza bure. Acheni acheze nje mpaka achoke. Mpeleke apimwe uzito na urefu, na ukiona anakojoa sana na kiu haiishi usisubiri siku ya kliniki. Na neno bonge lisisikike ndani ya nyumba, hata kwa utani, hata kwa bibi.

Hii mimba ndo inanihangaisha zaidi. Kipimo cha kunywa glukosi kawaida ni wiki ya 24 mpaka 28, wewe usingoje, waambie sasa hivi ulishawahi kupata sukari wakupime mapema, na wakikuta iko sawa kirudiwe wiki hizo. Asubuhi kabla ya kula chochote, sukari ikifika 5.1 (mmol/L) tayari ni tatizo kwa mjamzito, hata kama hujisikii chochote. Kuidhibiti kunapunguza watoto kuzaliwa wakubwa, hilo lina uhakika, kwenye uzito wa mtoto akishakua matokeo ya tafiti hayafanani, nakwambia ukweli usije ukajilaumu tena. Akizaliwa mnyonyeshe ndani ya saa moja maana watoto wa mama mwenye sukari, sukari yao hushuka ghafla, na waombe wampime. Miezi 6 ziwa tupu.

Na wewe mwenyewe rudi upimwe wiki ya 6 mpaka ya 12 baada ya kujifungua, uko kwenye hatari kubwa ya kisukari cha kudumu na wamama wengi wakishajifungua hapo ndo wanaacha kurudi kliniki. Ukienda kliniki wiki hii beba na kadi ya yule wa pili, wazione zile kilo 4.4.