Esposito: jina la ukoo lisilo na babu mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, jina la Esposito nimekutana nalo kwa watu wa namna nyingi: mwigizaji Giancarlo Esposito wa Marekani, mchezaji wa zamani wa magongo ya barafuni Phil Esposito wa Kanada, na mpishi wa Napoli, Raffaele Esposito, anayetajwa katika kisa maarufu cha piza ya Margherita ya mwaka 1889. Je, wote hawa ni wa ukoo mmoja? Na ile nembo ya ukoo wa Esposito inayouzwa mtandaoni ina ukweli wowote?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna sababu ya kuwaweka watu hao katika ukoo mmoja, na jibu hilo limo ndani ya historia ya jina lenyewe. Majina mengi ya ukoo ya Italia yalianzia kwa mtu fulani: sura yake, kazi yake, baba yake au mahali alikotoka. Rossi, pamoja na mwenziwe wa kusini, Russo, lilimtaja mtu mwenye nywele au uso mwekundu. Ferrari lilimtaja mhunzi. De Luca ni mwana wa Luca. Lombardo ni mtu aliyetoka Lombardia. Esposito halimo katika makundi hayo. Lilitolewa na taasisi, likaandikwa na karani, na aliyepewa alikuwa mtoto mchanga ambaye wazazi wake hawakujulikana. Asili yake ni Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje, na Waitaliano hulitamka kwa kukazia silabi ya “spo”.

Kitovu cha jina hili ni Napoli, katika taasisi ya Annunziata, ambayo tangu karne ya 14 iliunganisha mahali pamoja kanisa, hospitali na makao ya watoto waliotelekezwa. Katika ukuta wake unaoelekea barabarani palikuwa na tundu lenye gurudumu, ambalo kwa kweli lilikuwa pipa la mbao lililosimama wima, lenye uwazi upande mmoja, likizunguka kwenye mhimili wake. Aliyemleta mtoto alimlaza ndani ya pipa, akalizungusha, akapiga kengele na kwenda zake, na aliyekuwa zamu upande wa pili wa ukuta alimpokea mtoto pasipo kuuona uso wa aliyemwacha. Wako wanaoitazama desturi hiyo kwa macho ya leo na kuiona ya kikatili. Mimi naona ingefaa kwanza waikumbuke njia iliyokuwapo kabla yake, ambayo ilikuwa kumwacha mtoto mlangoni pa kanisa au kando ya barabara, kwenye baridi na mbwa.

Si kweli pia kwamba watoto wote hao walizaliwa nje ya ndoa. Heshima ya msichana na ya jamaa zake ilikuwa sababu kubwa, lakini umaskini nao ulisukuma watu wengi, wakiwemo wanandoa ambao mavuno mabaya, ugonjwa au kifo cha mmoja wao kiliwaacha bila namna ya kumlisha mtoto mwingine. Ndiyo maana baadhi yao waliacha alama pamoja na mtoto: nusu ya medali, kipande cha karata, utepe au barua fupi, wakibaki na nusu ya pili ili siku moja waweze kurudi na kuthibitisha kwamba mtoto ni wao. Makarani waliandika katika madaftari siku na saa ya kupokelewa, makadirio ya umri, nguo alizovaa mtoto na alama zozote alizokutwa nazo. Baada ya hapo mtoto alikabidhiwa mwanamke wa kumnyonyesha, na wengi walipelekwa vijijini kwa wanawake waliolipwa kwa kazi hiyo. Vifo vilikuwa vingi mno. Waliopona wengine walibaki na familia zilizowalea, na kwa njia hiyo jina lilisambaa nje ya jiji, katika mkoa mzima wa Campania na zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Jina la ukoo nchini Italia lilirithiwa kutoka kwa baba, kwa hiyo msichana aliyetoka kwenye gurudumu na kuolewa aliendelea kuandikwa Esposito katika nyaraka zake, ila watoto wake walichukua jina la mumewe. Familia zilizopo leo zenye jina hili kwa kawaida zinatokana na wavulana waliopona, wakakua, wakaoa na kupata wana. Kila mvulana wa namna hiyo alikuwa chanzo cha ukoo wake mwenyewe, usio na uhusiano wowote wa damu na ukoo wa mwenzake aliyeandikwa siku ya pili katika daftari lilelile. Esposito limo miongoni mwa majina yaliyoenea zaidi nchini Italia, na sababu yake ni hiyo: lilianzishwa upya mara nyingi, karne baada ya karne.

Watoto wa Annunziata waliitwa pia wana wa Madonna, yaani wa Bikira Maria, na jina hilo lilikuwa na heshima yake mitaani Napoli. Hata hivyo katika karatasi rasmi Esposito lilimtangaza mtu kila alipotaka kazi au mchumba. Joachim Murat, Mfaransa aliyekuwa mfalme wa Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, ndiye anayetajwa kuwa alipiga marufuku kuendelea kuwapa watoto jina hilo, na baada ya Italia kuungana mwaka 1861 sheria za usajili zilikataza majina yanayofichua asili ya mtoto aliyeokotwa. Tangu hapo maofisa walilazimika kubuni jina tofauti kwa kila mtoto. Gurudumu lenyewe la Annunziata lilifungwa mwaka 1875. Waliokuwa tayari na jina walibaki nalo, ingawa baadhi ya familia zina maumbo yake mengine, kama Sposito, D'Esposito linaloonekana sana katika rasi ya Sorrento, na Degli Esposti la upande wa Bologna. Wahispania nao, ambao waliitawala Napoli kwa karne mbili, wana Expósito, lenye maana ileile na historia inayofanana.

Kuhusu nembo, usipoteze fedha zako. Nembo ilipewa mtu au familia mahususi, haikupewa jina, na kwa jina lililozaliwa mara nyingi kiasi hiki ni upuuzi kudai kwamba ngao moja inawahusu wote. Isitoshe, katiba ya Italia iliyoanza kutumika mwaka 1948 haivitambui vyeo vya ukabaila, hivyo cheti kinachoambatana na nembo hizo hakina uzito wowote kisheria.

SWALI: Je, mtu mwenye jina hili anaweza kufuatilia asili yake hadi wapi?

JIBU: Anaweza kufika mbali kuliko anavyodhani, lakini aanze na babu zake wa karibu, asianze na jina. Usajili wa raia ulianza katika ufalme wa Napoli mwaka 1809, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo imepigwa picha na kuwekwa bila malipo katika tovuti ya Antenati, inayoendeshwa na hifadhi za nyaraka za taifa la Italia. Vyenye manufaa zaidi ni viambatisho vya ndoa, kwa sababu bwana na bibi harusi walitakiwa kuleta vyeti vya kuzaliwa, na mara nyingine vyeti vya vifo vya wazazi na hata vya babu. Kwa miaka ya kabla ya 1809 kuna madaftari ya parokia, ambayo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliyafanya ya lazima kwa ubatizo na ndoa mwaka 1563.

Mtafutaji akimfikia babu aliyeokotwa, safu ya baba itaishia hapo, na badala ya majina ya wazazi atakuta maneno ya karani kuhusu nguo na alama. Katika nyaraka za baadaye atakutana na herufi N.N. mahali pa baba, kifupi cha Kilatini chenye maana kwamba jina halijulikani. Herufi hizo ziliwasumbua watu maisha yao yote, hadi sheria ya mwaka 1955 ilipoondoa majina ya wazazi katika vitambulisho na nyaraka nyingi za kawaida.

SWALI: Nimesoma kwamba Colombo nalo ni jina la watoto waliookotwa. Je, basi Cristoforo Colombo, yaani baharia Columbus, alitoka katika ukoo wa namna hiyo?

JIBU: Sehemu ya kwanza ni kweli kwa Milano. Hospitali kuu ya jiji hilo, Ospedale Maggiore, iliyoanzishwa na Francesco Sforza, mtawala wa Milano, mwaka 1456, ilikuwa na njiwa katika nembo yake, na watoto waliopokelewa waliandikwa Colombo, yaani njiwa, hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Miji mingine ilikuwa na majina yake: Roma ilitoa Proietti, lenye maana ya waliotupwa, na Firenze ilitoa Innocenti, kutokana na hospitali ya Innocenti ambayo msanifu majengo Brunelleschi alianza kuisanifu mwaka 1419. Lakini Colombo lilikuwapo kabla ya hapo, ama kwa jina la ubatizo, ama kwa mtu aliyefuga au kuuza njiwa. Baharia wetu alizaliwa Genova mwaka 1451, miaka mitano kabla ya hospitali ya Milano kuanzishwa, naye alikuwa mwana wa mfumaji wa sufu aliyeitwa Domenico Colombo na mjukuu wa Giovanni Colombo. Jina lake, kwa hiyo, halina uhusiano na gurudumu la Milano.