Maswali na majibu: ofisi inapohamisha mazungumzo ya kazi kutoka WhatsApp

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu jambo moja: ofisi iliyozoea kuendesha kila kitu kwenye magrupu ya WhatsApp, na sasa inafikiria kuhamia programu maalumu ya mawasiliano ya kazini, kama Slack, Microsoft Teams au Google Chat. Nimeyachambua machache.

Sisi ni wakala wa forodha, tuko watu kama thelathini. WhatsApp ni ya bure na kila mtu anaijua. Kwa nini nihangaike? — Mkurugenzi, Kurasini, Dar es Salaam

Kwa sababu kumbukumbu za kampuni yako zimekaa kwenye simu ambazo si mali ya kampuni. Chukua kontena moja tu. BL, yaani hati ya mzigo uliosafirishwa kwa meli, imetumwa kama picha kwenye grupu la operesheni. Namba ya TANSAD, ile fomu ya tamko la forodha, imetajwa kwenye meseji ya sauti. Mteja ameridhia gharama za kuhifadhi mzigo bandarini, lakini amemjibu ofisa wako mmoja inboksi. Ofisa huyo akipata kazi kwingine anaondoka na laini yake. Ukimtoa kwenye grupu, meseji zote za nyuma zinabaki kwenye simu yake, na pasipoti za wateja wako zimo kwenye galari yake pamoja na picha za arusi ya dada yake. Siku mteja akikana kwamba aliridhia ile gharama, utaanza kupigia watu simu: "Hivi nani alikuwa anaongea naye?"

Kwenye programu ya kazini akaunti ni ya kampuni. Mtu akiondoka, msimamizi anaifunga akaunti na mazungumzo yanabaki palepale. Anayeajiriwa leo anafungua chaneli, yaani chumba cha mazungumzo, ya mteja fulani na kusoma yaliyosemwa kabla hajafika.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka wewe unayekusanya taarifa za watu uzilinde. Ni kweli WhatsApp husimba meseji ili asizisome mtu wa katikati, na imefanya hivyo kwa watumiaji wote tangu 2016. Hilo ni jema, lakini halina msaada wowote kwa picha iliyokwisha kutua kwenye simu ya mtu asiyefanya kazi kwako tena.

Tuchague ipi? Na ya bure haitoshi? — Mhasibu, Arusha

Anza na ankara zenu. Kama barua pepe za kampuni ziko Google Workspace, Google Chat imo humohumo. Vifurushi vingi vya Microsoft 365 vya biashara huja na Teams, ingawa siku hizi vipo vinavyouzwa bila hiyo, kwa hiyo soma vizuri kifurushi chenu. Msilipie mara mbili kitu ambacho mnacho.

Slack naiona ndiyo nyepesi kuliko zote kuzoeleka, lakini msiifanye ile ya bure kuwa kabati la nyaraka. Tangu Septemba 2022 toleo la bure linaonyesha meseji za siku 90 tu. Mteja anayerudi na mgogoro baada ya miezi minane atawakuta mikono mitupu.

Kabla ya kulipa popote, uliza jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji wenyewe: siku nikitaka kuondoka, natokaje na meseji zangu? Swali hili si la nadharia. HipChat, programu ya mawasiliano ya kazini iliyokuwa na wateja wengi, ilifungwa Februari 2019. Meta nao walitangaza Mei 2024 kwamba wanaifunga Workplace, programu yao ya maofisini. Kampuni kubwa haimaanishi huduma ya kudumu.

Kiwandani kwetu wapakiaji wengi wana viswaswadu, na intaneti inakatika ovyo. Tutawahamishaje? — Msimamizi wa zamu, Mwanza

Usiwahamishe wote. Mwenye kiswaswadu aendelee kupata SMS, ubao wa matangazo na msimamizi wake, na msimamizi ndiye awe kwenye programu. Nimeona ofisi zikilazimisha kila mtu, halafu taarifa ya mabadiliko ya zamu inawafikia nusu ya watu. Hao wengine wanaandikiwa utoro kwa kosa ambalo si lao, na hilo linaniuma. Kama simu janja ni lazima kwa kazi fulani, bando lilipwe na kampuni. Mfanyakazi asinunue bando kwa mshahara wake ili asome maagizo ya mwajiri.

Kuhusu intaneti, mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Zipo programu huria, kama Mattermost, Zulip na Rocket.Chat, ambazo unaweza kuziweka kwenye seva yako mwenyewe. Seva ikiwa ndani ya jengo na ikiwekwa vizuri, ofisi na ghala wanaendelea kuandikiana kwa mtandao wa ndani hata nje kukiwa kimya. Ila seva hiyo inahitaji mtu wa kuisasisha, kuhakikisha nakala rudufu zinachukuliwa kila siku, na kuishughulikia umeme ukikatika. Kama huna mtu huyo, bora ulipie huduma ya wenzako.

Bosi alitangaza tuhamie Teams, lakini yeye mwenyewe bado anatuma maagizo WhatsApp, tena saa nne usiku. Tufanyeje? — Msaidizi wa ofisi, Nairobi

Hapa ndipo mahamisho mengi hufia. Watu hawafuati tangazo, wanafuata maagizo yanakotoka. Bosi akiandika WhatsApp, wote watabaki WhatsApp, na Teams itakuwa ya kutumiana pongezi za siku ya kuzaliwa.

Kwanza, kila agizo lake linakili kwenye chaneli inayohusika na umjibu huko. Kisha mwambie kwa upole: "Bosi, nimekujibu kwenye chaneli ya malipo ili na mhasibu aone." Fanya hivyo kila mara, bila kununa na bila kumsema mbele ya watu. Akizoea kukuta majibu huko, ataanza kuyatafuta huko.

Pili, muombeni akubali sheria moja tu: idhini ya malipo, ya likizo na ya bei kwa mteja ihesabiwe pale tu inapokuwa imeandikwa kwenye Teams. Msiombe zaidi ya hapo kwa kuanzia. Fundi anayesubiri hela ya vipuri ndiye atakayemkumbusha bosi, na atamkumbusha kwa bidii kuliko wewe.

Tatu, wekeni tarehe. Siku hiyo grupu la kazi lipangwe ili maadmini peke yao waweze kuandika, na ujumbe wa mwisho ueleze kila shughuli imehamia chaneli gani. Grupu la misiba, harusi na michango liacheni WhatsApp. Lina kazi yake, na watu wana haki ya kufarijiana mahali ambapo mwajiri hana ufunguo.

Kuhusu saa nne usiku: mwaka 2022 Seneti ya Kenya ililetewa muswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu kazi nje ya saa zake, na Ufaransa ina sheria ya namna hiyo tangu Januari 2017. Lakini hakuna haja ya kusubiri bunge. Teams inamruhusu bosi kuandika usiku na kupanga ujumbe ufike saa mbili asubuhi. Mwonyeshe kitufe hicho, pengine hajui kama kipo.

Je, mwajiri anaweza kusoma meseji zetu za inboksi humo? — Mfanyakazi wa hoteli, Zanzibar

Chukulia kwamba anaweza. Inategemea programu na kifurushi alicholipia, lakini akaunti ni yake, na zipo njia rasmi za kutoa meseji za faragha, hasa kukiwa na kesi au uchunguzi. Mwajiri mwadilifu atawaeleza kwa maandishi, kabla ya kuanza, nani anaweza kuona nini na kwa sababu gani. Ombeni maelezo hayo, ni haki yenu. Habari za ugonjwa wako au mkopo wako zizungumzie kwenye simu yako mwenyewe.

Meseji za zamani tuzihamishe zote? — Katibu wa shule, Mombasa

Hapana. Zitawajazia takataka. Fungua kila grupu, toa nakala kwa kutumia sehemu ya kuhamisha gumzo, na uhifadhi faili kwenye hifadhi ya shule ambayo watu wawili tu wana ruhusa ya kuifungua. Maamuzi ambayo bado yanaendelea yaandikwe upya, kwa ufupi, kwenye chaneli mpya. Kisha kaeni pamoja, walimu wote, mfute kwenye simu picha za vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na mwangalie pia nakala zilizopanda zenyewe Google Drive au iCloud.