Re: Nikubali kuingia baraza la ushauri la shehia, Mji Mkongwe?

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna faida ya kukaa kwenye baraza la ushauri la shehia, yaani ngazi ya chini ya utawala hapa Zanzibar inayoongozwa na sheha, ilhali kibali cha ujenzi Mji Mkongwe hutoka Mamlaka ya Uhifadhi, si kwa sheha. Kubali. Mamlaka ipo tangu 1985 na mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, lakini ofisa hawezi kupita kila kichochoro kila siku. Jirani anapita.

Ningeanza na saruji. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Nyumba ya marehemu bibi tuliipiga plasta ya saruji tukidhani tunaiimarisha. Baada ya masika mbili ikavimba, ikabanduka mapande mapande, na ncha za boriti za mikoko mle ukutani zimeoza, unazifikicha kwa vidole. Inaniuma mpaka leo. Basi ninyi wa baraza mkiona mifuko ya saruji inashushwa kwenye nyumba ya zamani, mfuateni mwenye nyumba kwa upole kabla haijakorogwa, mumwelekeze Mamlaka na kwa fundi wa chokaa.

Na viwanja vya wazi msivisahau. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009, ila vile viwanja vidogo vya mitaani, watoto wanapochezea, ndivyo vinavyomezwa na maegesho ya magari. Vihesabuni, muandike muhtasari, nakala moja Mamlaka, nyingine Manispaa, na mgongewe muhuri wa kupokelewa.